Wanaobonyeza Uso Unaocheka

Wiki iliyopita tulimwacha Asilimia kwenye geti la kutokea abiria, amemng'ang'ania mkono fundi cherehani asiyemjua, na fundi cherehani hajajibu kitu. Wengine mmeniandikia kwa ukali kwamba si haki kumwacha mtu ameshikwa mkono wiki nzima. Poleni. Leo anaachiwa.

Kwa aliyechelewa kupanda, habari ni hii. Asilimia ni ofisa takwimu wa vivuko vya jiji, na jina hilo amepewa na wenzake kwa sababu hawezi hata kusema ana njaa bila kutaja ni kwa mia ngapi. Jiji lina vivuko viwili na mafuta ya kutosha kivuko kimoja. Cha kwanza ni kikuukuu, abiria wanakiita Bibi, na nahodha wake ni baba yake Asilimia. Cha pili ni kipya, cheupe, abiria wanakiita Bwana Harusi, na nahodha wake ni mchumba wake Asilimia. Mkurugenzi ametangaza kwamba kimoja kitabaki na kimoja kitaondoka, pamoja na nahodha wake, na kila mtu ameelewa kwamba kitakachobaki ni kile kilichowaridhisha abiria zaidi.

Kuridhika kunapimwa na mashine. Kila gati imesimamishiwa moja penye njia ya kutokea, ina uso wa kijani unaocheka na uso mwekundu ulionuna, abiria anabonyeza anaoutaka. Bwana Harusi amepata tisini na saba kwa mia. Bibi amepata thelathini na moja. Yaani baba yake Asilimia amekalia kuti kavu, na mkutano wa kuamua ni leo mchana.

Sasa turudi getini.

Yule fundi cherehani alikuwa amemtukana Bwana Harusi tangu ng'ambo hadi huku. Alisema kimechelewa, alisema viti vyake vinachoma, alisema amevuka amesimama kwa mguu mmoja kwa sababu wa pili ulikanyagwa na mtu mwenye jiko. Halafu, alipofika kwenye mashine, akaubonyeza uso unaocheka kwa nguvu zake zote.

"Mama, samahani," Asilimia akamwambia. "Umelalamika njia nzima. Mbona umebonyeza unaocheka?"

Yule mama akamtazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini amefungua mlango kabla ya kupita.

"Sasa nisipoubonyeza, geti litafunguka vipi?"

Asilimia akamwachia mkono.

Akasimama pale pale kusubiri safari iliyofuata, akaona kwa macho yake. Mwanamume aliyebeba godoro kichwani aliubonyeza uso unaocheka kwa kiwiko, geti likafunguka. Mwalimu mwenye mabegi mikono yote miwili aliubonyeza kwa paji la uso. Bibi mmoja mzee alisukumwa na foleni mpaka akaubonyeza kwa mgongo, na bila shaka akahesabiwa kuwa ameridhika. Asilimia alipojaribu kunyoosha kidole kwenye uso ulionuna, abiria mmoja mpole akamzuia. Alimwambia dada usibonyeze huo, huo unafunga.

Alizunguka nyuma ya ukuta, kwenye kibanda cha mlinzi wa geti. Mlinzi alikuwa amekaa na swichi yake mkononi, na mbele yake palikuwa na ukuta mtupu. Kibanda kilijengwa kikitazama upande usio na kivuko, na hakuna aliyewahi kumuuliza anajuaje abiria wamefika.

Asilimia akamuuliza, naye akaeleza bila wasiwasi. Uso wa kijani ukibonyezwa unalia "ti". Yeye akisikia "ti" anajua watu wamefika, anafungua. Ni kazi rahisi, anamshukuru Mungu.

"Na uso ulionuna?"

"Ule unalia kwa sauti nzito. Nikiusikia huo nakaa tu. Huyo ni mtu mwenye ugomvi. Mimi sifungulii ugomvi."

Basi. Tisini na saba kwa mia. Asilimia alirudi akijilaani, kwa sababu namba ile alikuwa ameipeleka yeye kwa Mkurugenzi, na Mkurugenzi akaipeleka magazetini, na gazeti moja (si hili) likaandika kwamba jiji letu ni la watu wenye furaha. Kumbe tulivishwa kilemba cha ukoka, na aliyekisuka ni yeye.

Na kwa Bibi je? Akafikiri, akapata jibu akiwa bado anatembea. Gati ya Bibi haina geti, ina kamba tu. Abiria aliyeridhika anairuka anakwenda zake nyumbani. Anayesimama kubonyeza ni yule aliyekwazwa, naye habonyezi uso unaocheka.

Furaha ikamjaa. Baba yake hakushindwa na kivuko. Alishindwa na geti.

Lakini furaha ya mchumba wa mtu huwa na mikono miwili, na wa pili ulikuwa umemshika Nahodha Kijana. Uzuri wa kijana huyu nilikwishaueleza katika sura zilizopita na siurudii, karatasi ni chache. Asilimia alimkuta juu kwenye usukani wa Bwana Harusi, akipangusa kioo ambacho hakikuwa na vumbi, akamweleza yote.

Kijana alisikiliza mpaka mwisho. Hakukasirika. Alichokionea aibu kilikuwa kidogo kuliko alivyotarajia Asilimia: kwamba yeye mwenyewe ndiye anayetangaza kwenye spika kila wakifika gati. Abiria wapendwa, bonyezeni uso unaocheka mpate kutoka. Siku ya kwanza geti lilikataa kufunguka, mtu mmoja akabonyeza, likafunguka, naye akajua ndiyo swichi. Nani angemwambia vinginevyo? Hata yeye huibonyeza akishuka.

"Kwa hiyo na wewe umo kwenye tisini na saba," Asilimia akasema.

"Nimo. Lakini mimi kweli nimeridhika."

Kisha kijana akasema neno ambalo wachumba wengi wangeliuma kwa meno wasiliseme.

"Ukisema, mzee anabaki, mimi naondoka. Usiposema, mimi nabaki, mzee anaondoka. Sitakuomba lolote. Nikikuomba leo, utanikumbusha mpaka tuzeeke."

Wale mlioniandikia kwamba kijana huyu hamfai binti wa watu, naomba msome tena mstari huo.

Asilimia akashuka, akaenda gati ya Bibi kwa miguu, karibu akimbie. Alikwisha kuamua. Ataomba radhi kwa mchumba wake maisha yote, lakini baba ni baba.

Nahodha Mzee alikuwa amekaa kwenye benchi la mbao chini ya kibao cha saa za safari, kibao ambacho hakijawahi kusema kweli. Alikuwa anakunywa chai. Asilimia akampa shikamoo, akaketi, akamwaga habari yote kwa mkupuo mmoja, geti, kibanda, sauti ya "ti", bibi aliyebonyeza kwa mgongo. Alitegemea mzee acheke. Angalau kwa bibi yule.

Mzee akanywa chai yake.

"Kwa hiyo ukiyasema hayo mkutanoni, Bibi anabaki," akasema.

"Anabaki, baba. Kwa sababu hata wale waliobonyeza kwako ni wachache sana. Nimeangalia. Abiria wako karibu wote wanapita bila kubonyeza. Kuna mtu mmoja au wawili tu wanaokuharibia, tena wanabonyeza kila safari, kila siku, kama wameajiriwa. Nikimpata huyo mtu..."

"Ni mimi."

Asilimia hakuelewa.

"Nikishamfunga kamba Bibi, nashuka, nabonyeza," mzee akasema. "Kila safari."

"Uso upi, baba?"

"Ulionuna."

Mzee akakimwaga kilichobaki kwenye kikombe, akasimama, akamwambia amfuate. Wakapanda Bibi, wakapita mbele ya viti vya abiria, wakashuka ngazi ya chuma mpaka ngama, kule chini kabisa maji yanakokusanyika. Maji machache kwenye ngama ni jambo la kawaida, kila chombo kinayo. Haya hayakuwa machache. Yalimfika Asilimia juu ya kifundo cha mguu, na kivuko kilikuwa kimesimama tu, hakijabeba mtu.

Baharia mmoja alikuwa humo anakumba maji kwa ndoo. Akawasalimu kwa adabu, akaendelea. Pampu ilikuwa pembeni, imefunikwa gunia kama maiti.

Mzee akamweleza kwa sauti ile ile ya kusoma saa za safari. Pampu ilikufa muda mrefu. Mabaharia wanakumba kwa zamu, juu abiria wanapiga soga, chini watu wanapiga ndoo, na ng'ambo inafikiwa. Safari yenye abiria wa kawaida, ndoo inashinda maji. Wakizidi, ubavu wa kushoto unazama kidogo, nyufa zilizo juu zinaingia chini ya maji nazo zinaanza kunywa, na hapo ndoo haishindi. Kwa hiyo wakizidi anawaambia wangoje safari nyingine, nao wanamwona mzee mwenye roho mbaya.

"Ungesema ofisini, baba."

"Fundi mkuu alisema. Yuko wapi leo?"

Asilimia alijua alipo. Fundi mkuu alihamishiwa stoo, anahesabu makoti ya mvua. Barua yake ya uhamisho ilisema anawakatisha abiria tamaa.

"Ungekataa kuendesha."

"Nikikataa wataweka mwingine. Huyo mwingine hajui Bibi anavuja wapi, hajui amwinamishe upande gani akichoka. Atawapakia mpaka mlangoni." Mzee akauegemea ukuta wa chuma. "Nilikuwa sina wa kumwambia. Siku moja wakaleta ile mashine yako. Imeandikwa, umeridhika na huduma? Tangu niajiriwe, hakuna kitu cha ofisi kilichowahi kuniuliza hivyo. Nikajibu. Na mashine haihamishi mtu stoo."

Asilimia aliona uchungu ambao hakuwa na kipimo chake. Ni yeye aliyeomba mashine zile ziletwe. Kila asubuhi alisoma kilio cha baba yake mwenyewe, akakiandika kwamba ni cha abiria, akakipigia mstari, akaenda kunywa chai. Alilia pale ngama, na baharia akageukia upande mwingine na ndoo yake, kwa heshima.

Alipopanda ngazi kurudi juu, alikwisha kugeuza uamuzi wake wote. Hatasema kitu mkutanoni. Tisini na saba ibaki tisini na saba, thelathini na moja ibaki hivyo hivyo, Bibi aondolewe, akatwe vyuma. Baba atanuna, atakaa barazani, atamlaumu. Acha amlaumu. Heri kukosa kazi kuliko kukosa baba. Na ukweli wa geti atakufa nao.

Kwa hiyo, wasomaji wangu mnaopenda watu wasema kweli, tambueni kwamba Asilimia aliingia mkutanoni akiwa ameazimia kusema uongo kwa moyo mweupe kabisa.

Chumba cha mkutano kiko ghorofani, kina feni moja inayozunguka inapotaka. Wakuu wa vitengo walikuwa wamekaa. Nahodha Kijana alikuwa pembeni, amevaa sare, hamtazami mtu. Nahodha Mzee hakuwapo kwa sababu alikuwa na safari, na Mkurugenzi husema nahodha mzuri ni yule aliye majini. Mkurugenzi huyu ni mtu anayetabasamu kwa kipimo, na siku hiyo alikuwa amepitisha kipimo.

Akaomba namba. Asilimia akasimama, akazisoma bila kupepesa macho. Bwana Harusi, tisini na saba. Bibi, thelathini na moja. Akaketi. Roho ilikuwa imetulia. Imekwisha, akajisemea.

"Namba nzuri sana," Mkurugenzi akasema. "Namba hizi zimefika mbali kuliko mnavyojua. Kuna jiji lingine limezisoma gazetini. Wamekuja, wamekiona kivuko chetu cheupe, wamekipenda. Watu wameridhika nacho tisini na saba kwa mia, nani asingekitaka? Kesho asubuhi Bwana Harusi anaondoka. Tumemuuza."

Kwa kitambo hakuna aliyepiga makofi. Kisha mmoja akapiga, na wengine wakaona ni salama.

Mkuu wa stoo, mtu asiye na makuu, akauliza kwa upole kama haikusemwa kwamba kinachoridhisha ndicho kitakachobaki.

"Mimi nilisema kimoja kitabaki," Mkurugenzi akajibu. "Mengine mmeyasema nyinyi. Sasa kivuko cha thelathini na moja kwa mia nani atakinunua? Hicho ndicho tutabaki nacho. Kuanzia kesho alfajiri abiria wote wa gati zote mbili watapanda Bibi. Nimeagiza wasikatazwe watu. Nasikia nahodha wake ana tabia ya kuwakataza."

Asilimia alimtazama mchumba wake. Mchumba wake alikuwa ameachama. Hakuwa anajua, hilo liandikwe kwa faida yake.

Ndipo Asilimia akasimama tena, bila kuitwa.

Alieleza yote kwa pumzi moja. Alieleza kwamba uso unaocheka ndio unaofungua geti, au ndivyo abiria wanavyoamini, na mlinzi amewasaidia kuamini. Alisema namba aliyoisoma sasa hivi si kweli, na kwamba alijua si kweli alipokuwa anaisoma. Wakuu wakaanza kutazama viatu vyao. Mkuu wa stoo alicheka kidogo, akajizuia kwa kikohozi.

Mkurugenzi alisikiliza kwa makini.

"Kwa hiyo unaniambia abiria hawajaridhika?"

"Hatujui, Mkurugenzi. Hatukuwahi kuwahesabu walioridhika. Tumewahesabu waliotaka kutoka."

"Basi hilo ni la mnunuzi, ataligundua akifika kwake. Ana geti lake." Akafunika kalamu yake kuonyesha kwamba jambo limekwisha.

"Na Bibi anaingiza maji," Asilimia akasema. "Pampu imekufa. Wanakumba kwa ndoo. Abiria wakizidi ndoo haishindi maji, na wewe umeagiza wazidi. Nimeshuka ngama leo, viatu vyangu bado vimelowa. Kesho utawazamisha watu."

Feni ikasimama, si kwa sababu ya maneno hayo, ni kawaida yake.

"Nani anasema ndoo haishindi?"

"Nahodha wake."

Mkurugenzi akanyoosha mkono, akaichukua redio ya mawasiliano iliyokuwa mezani, ile inayofika mpaka usukani wa kila kivuko. Akasema basi tumuulize mwenyewe, sisi tuko hapa wote, tusikie. Akabonyeza.

"Nahodha wa Bibi, nakuuliza mbele ya wakuu. Nimeambiwa kivuko chako kinaingiza maji, hakifai. Mimi simlazimishi nahodha anayekiogopa chombo chake. Nitampumzisha leo hii, na alfajiri nitaweka mwingine. Nijibu. Kinafaa au hakifai?"

Asilimia akafumba macho. Alijua jibu kabla halijaja, na alijua sababu yake. Nitaweka mwingine. Huyo mwingine hajui Bibi anavuja wapi.

Redio ikakwaruza.

"Kinafaa, Mkurugenzi," sauti ya baba yake ikasema. "Hakina shida."

Waswahili husema mficha maradhi kilio kitamfichua, lakini pale chumbani aliyefichuliwa alikuwa Asilimia. Wakuu wote walimgeukia. Binti amekiri kusoma namba ya uongo, kisha amemsingizia baba yake mzazi maneno ambayo mzee ameyakana kwa kinywa chake. Nahodha Kijana alisimama, akasema kwamba yeye anamwamini Asilimia. Mkurugenzi akamwomba aketi, kwani kuanzia kesho yeye si mtumishi wa jiji hili, ameuzwa pamoja na kivuko kwa muda wa kufundisha wenzake.

Asilimia hakumkasirikia baba yake. Alimpenda kuliko alivyowahi kumpenda, na alimwogopea.

Mkurugenzi alikuwa bado ameishika redio. Alikuwa amepata furaha ndogo na hakutaka iishe upesi.

"Nimefurahi kusikia hivyo, Nahodha. Basi kesho tutaanza upya na namba zetu, isije ikasemwa tena kwamba tunahesabu geti. Nataka mtu wa takwimu awe ndani ya kivuko safari ya kwanza, chini pamoja na abiria, ahesabu kichwa kwa kichwa mpaka ng'ambo. Nimemchagua binti yako."

Kwa mbali, dirishani, honi ya Bibi ililia kuaga gati.

"Nahodha, umenisikia?"

"Nimesikia." Sauti ilitoka polepole, na haikuwa tena ya nahodha. "Huyo asipande."

Tabasamu la Mkurugenzi likabaki mahali pake, lakini macho yakaondoka. Akawatazama wakuu mmoja mmoja, akaona kwamba wote wamesikia, tena vizuri.

"Kwa nini asipande?" akauliza.

Asilimia akauziba mdomo wake kwa mkono, akaitazama redio, akasubiri kama wengine wote.